Safari ya ndege ndogo ya kutazama mandhari (Urambo)

Safari ya ndege ndogo ya kutazama mandhari ni safari fupi ya angani ambamo rubani wa ndege binafsi humchukua rafiki au ndugu mmoja au wawili ili waione nchi kutoka juu, kisha huwarudisha kwenye kiwanja walichotokea. Haina lengo la kufika mahali wala haina nauli. Kwa kawaida hufanywa kwa ndege ya injini moja yenye viti viwili hadi vinne, kwa mfano Cessna 172, ambayo mabawa yake yako juu ya madirisha na hivyo hayamzuii abiria kutazama chini.

Makala hii inaeleza jinsi safari ya namna hii inavyopangwa na kufanywa katika nchi ya Urambo, magharibi mwa Mkoa wa Tabora nchini Tanzania. Nchi hiyo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ina joto kali kabla ya mvua, na sehemu yake kubwa imefunikwa na misitu ya miombo. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama safari itakuwa salama, na rubani huyapima kabla hajamwalika rafiki kupanda.

Mandhari

Urambo iko takriban km 90 magharibi mwa mji wa Tabora kwa njia ya reli. Ndege ndogo inayosafiri kwa kasi ya km 200 kwa saa hufika huko kwa muda wa nusu saa hivi. Alama kuu ya njia ni Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika tambarare isiyo na milima mirefu, reli na barabara ya kwenda Kigoma humsaidia rubani kujua alipo hata kama vifaa vyake vina hitilafu.

Upande huu ulikuwa sehemu ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora. Wapagazi waliokwenda kwa miguu walihitaji miezi miwili hadi mitatu kutoka pwani hadi Tabora peke yake. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo (takriban 1840–1884) alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya moja kwa moja kuelekea magharibi ilifungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alilazimika kuzunguka upande wa kusini ili afike Ujiji. Ndege inayotoka Tabora kwenda Urambo leo hupita juu ya nchi ambayo Stanley hakuweza kuipita mwaka ule.

Kutoka angani yanaonekana mambo ambayo msafiri wa barabarani hayatambui kwa urahisi:

Miombo na mbuga. Misitu imekatwa na mikanda mirefu ya nyasi isiyo na miti. Mikanda hiyo ni mbuga, yaani mabonde mapana ya udongo mweusi yanayojaa maji wakati wa masika. Mnamo Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kuanza, miti mingi ya miombo hutoa majani machanga yenye rangi ya shaba na wekundu, na msitu mzima hubadilika rangi kwa wiki chache.

Mashamba na mabani. Tumbaku ni zao kuu la biashara la Urambo. Mashamba ya matuta yamezungukwa na msitu, na karibu nayo kuna mabani ya kukaushia majani. Sehemu zilizokatwa miti kwa ajili ya kuni za mabani huonekana wazi, kwa hiyo abiria hupata picha ya ukubwa wa upotevu wa misitu ambayo ni vigumu kuipata akiwa chini.

Mito na mabwawa. Kusini uko Mto Ugalla, ambao bonde lake lilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2019. Kaskazini-magharibi yako maeneo ya majimaji ya Malagarasi na Muyovozi, yaliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Eneo hilo lina ukubwa wa km² 32,500 na ni mojawapo ya makazi ya korongo-nyangumi.

Historia

Tabora iliingia mapema katika historia ya usafiri wa anga. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walitayarisha viwanja vya kutua kutoka Cairo hadi Cape Town, na Tabora ilikuwa kimojawapo. Tarehe 24 Januari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy Commercial iliondoka Brooklands, Uingereza, ikiongozwa na marubani Stanley Cockerell na F. C. Broome. Miongoni mwa waliokuwemo alikuwa mwanazuolojia Peter Chalmers Mitchell, katibu wa Shirika la Zuolojia la London, aliyesafiri kwa niaba ya gazeti la The Times ili aione Afrika kutoka angani na kuandika habari zake. Safari hiyo ilikoma Tabora tarehe 27 Februari 1920, ndege ilipoanguka katika jaribio la kuruka. Wote waliokuwemo walinusurika.

Safari za kumpeleka rafiki kuitazama nchi zilienea Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya ndege nyepesi za bei nafuu kama de Havilland Gipsy Moth kupatikana. Klabu ya urukaji ya Afrika Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka 1927. Mwindaji Denys Finch Hatton alimchukua mwandishi Karen Blixen juu ya Bonde la Ufa kwa ndege ya namna hiyo, na Blixen alieleza safari zao katika kitabu chake Out of Africa cha mwaka 1937. Finch Hatton alifariki tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ilipoanguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Voi. Mtumishi wake Kamau, aliyekuwa abiria, alifariki pamoja naye.

Katika Tanganyika, Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitumia ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia kuhesabu wanyama wa Serengeti. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alifariki baada ya ndege hiyo kugongana na tumbusi.

Sheria: rafiki na mteja

Tanzania hufuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), na msimamizi wa kanuni hizo nchini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Ndege zilizosajiliwa Tanzania hutambulika kwa herufi 5H mwanzoni mwa namba zao.

Kwa viwango vya ICAO, anayetaka leseni ya rubani binafsi lazima awe na umri wa miaka 17 au zaidi, apimwe afya, afaulu mitihani, na awe ameruka kwa saa 40, au 35 kama amesoma katika kozi iliyoidhinishwa. Kati ya hizo, saa 10 lazima awe ameruka peke yake chini ya usimamizi wa mwalimu. Safari mojawapo ya peke yake lazima iwe na urefu wa angalau km 270 na kutua katika viwanja viwili tofauti.

Leseni hiyo humruhusu kuchukua abiria, lakini haimruhusu kulipwa kwa kazi hiyo. Anayeuza safari za kutazama mandhari anahitaji rubani mwenye leseni ya biashara, ambayo kwa kawaida hutaka saa 200 za urukaji, na kampuni yenye cheti cha kuendesha usafiri wa anga. Tofauti hii inamlinda abiria. Mteja wa kampuni analindwa na ukaguzi wa ndege na wa marubani unaofanywa mara kwa mara, pamoja na bima. Rafiki anategemea zaidi uamuzi wa mtu mmoja. Nchi nyingine huruhusu marafiki kuchangia gharama za mafuta kwa sehemu sawa. Rubani anayefikiria kupokea mchango wowote anapaswa kuiuliza mamlaka kwanza, kwa sababu malipo yanaweza kuibatilisha bima ya ndege.

Uzito, joto na kimo

Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa, na injini yake huchoma mafuta kwa kutumia hewa hiyohiyo. Hewa ikiwa nyembamba, bawa huinua kidogo, rafadha huvuta kidogo na injini hupoteza nguvu. Hewa huwa nyembamba kadiri mtu anavyopanda juu, na pia kadiri joto linavyozidi.

Kiwanja cha ndege cha Tabora kiko takriban mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida kinachotumiwa na marubani, joto la kimo hicho ni nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo ni sawa na kukiinua kiwanja kwa mita 36 hivi. Mchana wa Oktoba wenye nyuzi 32 una ziada ya nyuzi 25, yaani mita 900. Kwa hiyo ndege hujiendesha kana kwamba kiwanja kiko karibu mita 2,100. Injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake katika hali hiyo. Umbali wa kukimbia kabla ya kuinuka huongezeka kwa zaidi ya nusu ukilinganishwa na kiwanja cha pwani chenye hali ya kawaida, na ndege hupanda polepole.

Jambo la pili ni mzigo. Aina ya Cessna 172S inaruhusiwa kuruka na uzito usiozidi kg 1,157. Ndege yenyewe ikiwa tupu inaweza kuwa na kg 780 hivi, kwa hiyo hubaki kg 377 kwa ajili ya watu, mizigo na mafuta. Matangi yakijaa lita 200 za petroli ya ndege, uzito wa mafuta ni kg 144, na watu wanabakiwa na kg 233. Rubani wa kg 80 na rafiki wa kg 75 wanaingia bila shida. Lakini wakiongezeka marafiki wawili wa uzito huohuo, jumla ya watu inakuwa kg 305, yaani kg 72 zaidi ya zilizobaki. Hapo rubani lazima apunguze lita 100 za mafuta au amwache mtu mmoja chini.

Viti vinne, kwa hiyo, si ahadi ya abiria watatu. Aidha, uzito ulioruhusiwa na mtengenezaji hauhakikishi kwamba ndege itapanda vizuri katika joto la mchana. Rubani husoma majedwali ya kitabu cha ndege kwa kimo na joto la siku hiyo, kisha huongeza tahadhari kwa sababu majedwali yaliandikwa kwa ndege mpya na rubani wa majaribio. Abiria anapoulizwa uzito wake, au anapoombwa kupanda mzani, hapaswi kuona aibu wala kupunguza namba.

Mafuta huhesabiwa kwa safari nzima pamoja na akiba isiyopungua nusu saa. Ndege ya aina hii hutumia takriban lita 35 kwa saa. Petroli ya ndege haipatikani katika kila kiwanja cha mikoani, hivyo rubani huthibitisha mapema mahali pa kujaza. Mafuta ya ndege za jeti hayafai kabisa kwa injini ya petroli.

Majira na hali ya hewa

Wakati mzuri wa kuruka ni asubuhi, saa moja hadi saa nne. Hewa bado ni baridi, hivyo ndege hupata nguvu zaidi, na jua halijaanza kuchemsha ardhi na kuleta mitikisiko. Baada ya saa sita mchana hewa ya moto hupanda kutoka mashambani na kushuka juu ya msitu, na ndege ndogo hurushwarushwa.

Mvua za Tabora hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Katika miezi hiyo mawingu ya radi hujijenga kwa haraka, hasa alasiri. Ndani na kando yake mna upepo mkali unaopanda na kushuka ambao ndege ndogo haiwezi kuuhimili, kwa hiyo rubani hukaa mbali nayo au harudi angani siku hiyo.

Katika kiangazi anga haina mawingu mengi, lakini moto wa misitu huleta moshi na ukungu mkavu. Rubani anayeongozwa na macho hatakiwi kuruka kama hawezi kuona umbali wa angalau km 5. Katika moshi mzito upeo wa macho hupotea, na mtu asiyeona upeo hushindwa kujua kama ndege imeinama. Miezi ya Mei hadi Julai, baada ya mvua kukata na kabla ya moto kuenea, mara nyingi ndiyo yenye anga safi zaidi.

Kushuka chini na kukata kona

Ombi la kawaida la rafiki ni kushuka ili aione nyumba ya wazazi wake na kuwapungia mkono. Ombi hilo ni la upendo, lakini limo katika mambo yanayoua watu wengi katika ndege ndogo duniani.

Kanuni za kimataifa hutaka ndege ikae angalau mita 150 juu ya ardhi nje ya miji, na mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote inapopita juu ya mji. Hatari haiko katika kimo peke yake. Rubani anapozunguka nyumba hulaza ndege upande mmoja ili abiria aone vizuri. Kadiri ndege inavyolala, ndivyo bawa linavyobeba uzito mkubwa zaidi. Ikilala kwa nyuzi 30 uzito huongezeka kwa asilimia 15, na ikilala kwa nyuzi 60 huwa maradufu. Kasi ya chini kabisa ambayo bawa bado linaweza kuinua nayo hupanda vilevile: kama ni km 90 kwa saa ndege ikiwa sawa, huwa km 127 ikilala kwa nyuzi 60.

Rubani anayetazama nyumba hapo chini badala ya vipimo vyake anaweza kupunguza kasi bila kujua. Bawa likiacha kuinua, ndege huanguka kwa upande na kuanza kujizungusha. Kwenye kimo cha mita 1,000 rubani aliyefunzwa ana nafasi ya kuirekebisha. Kwenye mita 150 hana. Kwa sababu hiyo kimo cha mita 300 hadi 500 juu ya ardhi, na mzunguko mpana usiolala zaidi ya nyuzi 30, hutosha kuonyesha paa, miembe na ng'ombe zizini. Kupunga mkono huachwa hadi siku ya kwenda kwa barabara.

Injini ikizimika

Ndege yenye injini moja haianguki kama jiwe injini inapozimika. Cessna 172 huteleza mbele takriban mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka, hivyo kutoka mita 1,000 ina km 9 hivi za kutafuta mahali pa kutua. Kimo ni akiba, na ndiyo sababu nyingine ya kutoruka chini bila haja.

Juu ya miombo akiba hiyo ni muhimu zaidi, kwa kuwa miti haina nafasi kati yake na chini mna vichuguu vikubwa. Sehemu za kutua kwa dharura ni mashamba yaliyovunwa, barabara na mbuga. Wakati wa kiangazi mbuga huwa ngumu na nyasi zake fupi baada ya kuungua. Wakati wa masika mbuga hiyohiyo huwa tope linaloweza kuzamisha magurudumu na kuipindua ndege. Rubani makini huchagua njia inayofuata reli na vijiji, hata kama inaongeza dakika chache, kuliko kukata moja kwa moja juu ya msitu usio na watu.

Kabla ya kuondoka, rubani huwasilisha mpango wa safari kwa waongozaji wa ndege, ukionyesha njia, idadi ya watu na saa ya kurudi. Ndege ikichelewa, watafutaji huanzia kwenye mpango huo. Kifaa cha dharura kinachotuma mawimbi kwa satelaiti husaidia, lakini hakichukui nafasi ya mtu aliye chini anayejua kwamba wenzake hawajarudi.

Abiria

Rafiki aliyepanda kwa mara ya kwanza anatakiwa kuelezwa mambo yafuatayo kabla injini haijawashwa:
- jinsi ya kufunga na kufungua mkanda na mlango;
- kutoikaribia rafadha hata ikiwa imesimama, na kuiendea ndege kutoka nyuma ya bawa;
- kutogusa usukani wala kuweka miguu juu ya pedali;
- kunyamaza wakati wa kuruka, wa kutua na rubani anapozungumza na mnara;
- kusema mara moja akiona ndege nyingine, ndege wakubwa kama tai na tumbusi, au jambo lolote lisilo la kawaida.

Kichefuchefu hutokea wakati masikio ya ndani yanahisi mwendo ambao macho hayauoni. Huzidi abiria anapotazama simu au kamera kwa muda mrefu. Kutazama mbali kwenye upeo wa macho, kupata hewa baridi na kula kidogo kabla ya safari hupunguza tatizo hilo. Rubani hupanga safari ya kwanza isizidi saa moja na huweka mfuko wa kutapikia karibu.

Abiria ana haki ya kuuliza maswali: rubani ameruka lini mara ya mwisho, ndege ina uzito gani leo, mafuta ni ya saa ngapi. Ana haki pia ya kusema hapandi. Kwa upande wake rubani anaweza kuahirisha safari hata kama rafiki amefunga safari kutoka mbali, na shinikizo la kutomvunja moyo mgeni linatambuliwa katika mafunzo ya urubani kama chanzo cha maamuzi mabaya.

Mipaka ya mtazamo wa angani

Kuona nchi kutoka juu kunafunza mengi, lakini si yote. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, sehemu ya safari hiyo kwa ndege, ili kutafuta ardhi ya kulima karanga. Kongwa, Nachingwea na Urambo zilichaguliwa. Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Huko Kongwa udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi na mvua haikutosha, mambo ambayo hayaonekani kwa kupita juu yake. Katika Urambo mashamba yaliyosafishwa wakati huo yaligeuzwa kuwa ya tumbaku katika miaka ya 1950, na zao hilo limebaki hadi leo.